Mchanga laini, chembe za kati au sakafu tupu: kuchagua tabaka la chini la tangi la matumbawe lenye mkondo mkali

Anayepanga tangi la matumbawe magumu ya matawi, hasa ya jenasi Acropora, hulazimika kuamua mapema jambo moja ambalo kulibadilisha baadaye ni kazi kubwa, nalo ni kile kitakachotandazwa chini ya tangi. Matumbawe hayo hutaka maji yanayokwenda kwa nguvu, na wafugaji wengi hupanga pampu zao zisukume kila saa maji yenye ujazo wa mara 30 hadi 50 ya tangi zima, wakati matumbawe laini huridhika na mara 10 hadi 20. Nguvu hiyo ndiyo inayoyavua matawi ute na taka na kuzifikishia polipi, yaani vinywa vidogo vilivyo hai vya tumbawe, chakula na oksijeni. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofukua mchanga, kuurundika kwenye pembe moja na kuwamwagia wakazi wa chini. Hapa nitalinganisha mchanga laini wa aragonaiti (madini ya kalsiamu kaboneti yanayojenga mifupa ya matumbawe), mchanga wa chembe za kati, matumbawe yaliyosagwa na sakafu tupu. Tabaka nene la mchanga, ambalo bado lina watetezi wake, nitaligusa kwa kadiri linavyohusu mkondo.

Kwanza, tahadhari kuhusu zile namba za mara 30 au 50. Zinaeleza pampu zinasukuma maji kiasi gani, lakini hazielezi maji yanapita kwa kasi gani pale sakafuni, na kasi ya sakafuni ndiyo inayoamua mchanga gani utatulia. Tangi lenye kimo kirefu, ambalo pampu zake zimewekwa karibu na uso wa maji, linaweza kuwa na mkondo mkali juu na utulivu chini, ilhali tangi la kimo kifupi lenye pampu zilezile litafukuliwa mpaka kioo cha chini kionekane. Mashimo huanza mahali panapotabirika: kwenye mguu wa kioo kinachokabiliana na pampu, ambako mkondo hugonga, hushuka na kugeuka kurudi nyuma, na kando ya mawe ya chini, ambako maji hubanwa na hivyo kuongeza kasi. Aidha, pampu zinazopiga kwa mawimbi huhamisha mchanga mwingi kuliko zinazosukuma kwa kasi moja, hata pale wastani wa maji ni uleule, kwa sababu kinachoinua chembe ni kilele cha kasi, na wastani haukioneshi kilele.

Bahari yenyewe imeshalifanya chaguo hili. Kwenye ukingo wa mwamba unaopigwa na mawimbi, ambako Acropora wengi hustawi, chini ni mwamba mtupu uliofunikwa na mwani mgumu wa rangi ya zambarau, na mchanga hauonekani isipokuwa kwenye mifereji na mapango. Mchanga, ambao sehemu yake kubwa ni mabaki ya matumbawe yaliyotafunwa na pono na vipande vya mwani wa Halimeda, hukusanyika nyuma ya mwamba na ndani ya wangwa, kule maji yanakotulia. Anayetaka vyote viwili ndani ya kioo cha mita moja na nusu, yaani wimbi la ukingoni na mchanga wa wangwani, anaunganisha sehemu mbili ambazo baharini zimetenganishwa na mwamba mzima. Jambo hilo linawezekana, lakini lina gharama, na kila chaguo hulipa gharama hiyo kwa namna yake.

Ukubwa na uzito wa chembe

Mchanga laini unaouzwa kwa matangi ya baharini huwa na chembe za takribani milimita 0.2 hadi 1. Wa kati huwa na milimita 1 hadi 2 na kidogo zaidi. Matumbawe yaliyosagwa huanzia milimita 2 au 3 na kuvuka 5. Tofauti hizo huonekana ndogo kwenye kiganja, lakini ndani ya maji ni kubwa mno. Chembe ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 2 ina uzito wa mara 64 ya chembe ya milimita 0.5 ya madini yaleyale, ilhali eneo ambalo maji hupata kulisukuma limeongezeka mara 16 tu. Uzito ukikua haraka kuliko nguvu inayoisukuma, chembe hutulia, na ndiyo maana kupanda daraja moja tu la ukubwa mara nyingi hutatua tatizo ambalo kuhamisha pampu kumeshindwa kulitatua.

Madini nayo yana uzito wake. Aragonaiti ina msongamano wa takribani gramu 2.93 kwa sentimita moja ya ujazo, na kwatzi, ambayo ndiyo silika ya mchanga mweupe wa kawaida, ina 2.65. Tukiondoa uzito wa maji ya bahari yanayoziinua chembe zote mbili, ile ya aragonaiti hubaki nzito kwa karibu asilimia 17 kuliko ya kwatzi yenye ukubwa sawa. Hoja hii ya uzito ndiyo ninayoiona ya maana dhidi ya silika kwenye tangi la mkondo mkali. Hoja inayorudiwa mara nyingi, kwamba silika hulisha mwani wa kahawia unaotanda kwenye vioo vya tangi jipya, ina uzito mdogo, kwa maana kwatzi huyeyuka kwa shida sana kwenye maji ya bahari, na mwani huo hutokea hata kwenye matangi yasiyo na chembe moja ya silika. Mchanga wa ujenzi, hata hivyo, usiuguse kama hujui umechanganyika na nini, kwani baadhi huwa na punje nyeusi zenye chuma zinazonaswa na sumaku ya kusafishia kioo na kuacha mikwaruzo.

Umbo halisahauliki pia. Chembe za mviringo zilizojengeka tabaka juu ya tabaka, kama zile za Bahamas, hupendeza macho na haziumizi samaki wanaochimba, lakini hubingirika kirahisi. Vipande bapa vya makombe huonekana vizito, kumbe hupeperushwa mapema kwa sababu maji hupata upande mpana wa kuinua.

Mchanga laini

Hakuna anayebisha kwamba mchanga laini hupendeza kuliko vyote. Kinyesi na mabaki ya chakula hubaki juu yake badala ya kuzama katikati ya chembe, hivyo konokono wa Nassarius, majongoo bahari na mpira wa kuvutia uchafu huvifikia kwa urahisi. Vijidudu na minyoo midogo huishi ndani yake kwa wingi. Kwa samaki wa jenasi Halichoeres, ambao hujizika mchangani kila usiku na kila wanaposhtuka, na kwa Valenciennea, ambao hujaza mchanga kinywani na kuutolea kwenye matamvua ili wachuje chakula, mchanga wa namna hii ni sehemu ya maisha yao.

Katika mkondo mkali, lakini, huu ndio mchanga wa kwanza kushindwa. Hauondoki mara moja; hujikunja kwanza kuwa matuta madogo, kisha hufunguka uwazi mbele ya pampu, kisha sehemu iliyoinuliwa hubaki ikielea na kutua mahali popote maji yanapopungua kasi, na mahali hapo mara nyingi ni juu ya matumbawe bapa. Montipora capricornis, ambalo hukua kama sahani, hupokea mchanga bila njia rahisi ya kuumwaga, na tishu iliyofunikwa kwa siku kadhaa hufa na kuacha doa jeupe. Fungia na Trachyphyllia, ambao kwa asili huishi juu ya mchanga, wanajua kujivimbisha na kujikung'uta, ila hata wao huchoka wakimwagiwa kila saa. Chembe huingia pia ndani ya pampu na kusaga mhimili wake, na moja ikinasa kati ya sumaku na kioo cha akriliki hukwaruza mstari usiofutika.

Kuna jambo moja linalotetea mchanga huu, nalo ni muda. Mchanga mpya huwa mwepesi kuhama kuliko mchanga uliokwisha kukaa, kwa kuwa bakteria na mwani mdogo hutandaza utando unaozishikanisha chembe za juu. Kwa hiyo mwenye subira anaweza kuanza na pampu kwenye nguvu ndogo na kuipandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku matumbawe nayo yakikua. Utando huo, lakini, huvunjwa na samaki yeyote anayechimba, na wanaochimba ndio haswa waliokuwa sababu ya kuchagua mchanga laini. Mzunguko huo sijaona ukivunjwa vizuri ndani ya tangi la mawimbi makali, na kwa hiyo simshauri mtu autandaze sakafu nzima.

Chembe za kati

Mchanga wa milimita 1 hadi 2 ndio ninaoupendekeza kwa tangi lenye mkondo mkali ambalo mwenyewe hataki kuona kioo kitupu chini. Hutulia kwenye kasi ambayo hufukua mchanga laini, una nafasi ndogo za kutosha kuzuia uchafu mwingi usizame, na bado unaonekana kama mchanga badala ya kokoto. Wanyama wa kushirikiana, yaani samaki wa Amblyeleotris na kamba wa Alpheus wanaochimba shimo moja, huufurahia ukichanganywa na vipande vichache vya matumbawe, kwa sababu vipande hivyo huwa boriti za paa la shimo lao. Halichoeres hujizika humo bila shida ikiwa chembe ni za mviringo na unene unafika sentimita 5. Ambaye mchanga huu haumfai vema ni Valenciennea, kwa kuwa chembe kubwa hazipiti sawasawa kwenye matamvua yake.

Unene unahitaji kuamuliwa kwa nia. Sentimita 2 hadi 3 huweza kusafishwa wote kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, sehemu moja wiki hii na nyingine wiki ijayo. Unene wa kati ya sentimita 5 na 8 una hali mbaya ya pande zote mbili kwa tangi lisilo na wachimbaji: ni mnene mno kuvutwa uchafu kila mara, na si mnene kiasi cha kufanya kazi inayotarajiwa kwenye tabaka nene. Ukihitaji sentimita 5 kwa ajili ya samaki wanaojizika, uweke kwenye eneo moja nyuma ya mwamba ambako mkondo umevunjwa, na sehemu nyingine ziwe nyembamba.

Matumbawe yaliyosagwa yanaweza kupita haraka katika mjadala huu. Hayapeperuki, na hiyo ndiyo sifa yake karibu pekee. Mapengo kati ya vipande humeza kinyesi na chakula, mkondo wa juu haufiki kuvitoa, na baada ya miezi kadhaa naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na taka, hupanda bila chanzo kinachoonekana kwa macho. Kingo kali huumiza vinywa na matumbo ya wanaochimba. Mahali pake pazuri ni kama viganja vichache vilivyochanganywa kwenye mchanga wa kati, au chini ya pampu moja iliyo sugu.

Sakafu tupu

Kwa tangi la Acropora pekee, lenye samaki wanaoogelea katikati ya maji na wasiohitaji kuchimba, sakafu tupu ndiyo chaguo langu la kwanza. Faida yake haiishii kwenye kutokuwepo kwa dhoruba ya mchanga. Pampu zinaweza kuelekezwa popote, hata chini kabisa nyuma ya mwamba, na kwa namna hiyo kinyesi hakipati pa kutua. Hubaki kikielea mpaka kifike kwenye mdomo wa kumwagia maji na kuangukia kwenye soksi ya kuchujia au kichujio cha povu. Kinachokusanyika pembeni huonekana na kuvutwa kwa dakika chache. Mkondo unaweza kuongezwa kadiri matumbawe yanavyokua na kuzibana njia za maji, jambo ambalo mwenye mchanga hulifanya kwa woga kila mara.

Hasara zake ni za kweli pia. Sakafu iliyokuwa na mchanga ilikuwa nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, na nyumba hiyo ikiondolewa, mawe yenye vinyweleo au matofali ya kauri kwenye tangi la kuchujia hayana budi kuichukua kazi yote. Minyoo na vijidudu vya mchangani hupungua, na pamoja nao hupungua chakula hai cha samaki wenye vinywa vidogo. Konokono wa Nassarius hawana pa kujificha. Tangi la namna hii huweza pia kuwa safi kupita kiasi: naitreti na fosfeti zikishuka hadi sifuri, matumbawe hupauka, na dinoflajeleti, ule utando wa kahawia wenye mapovu, hupata nafasi ya kutawala. Mwenye sakafu tupu hulisha zaidi na hupima zaidi. Asipende kuzitoa taka zote kwa bidii halafu ashangae kwa nini rangi za matawi zimefifia.

Kuhusu sura, wengi hukataa sakafu tupu kwa kuutazama mwezi wa kwanza tu. Kioo cha chini hufunikwa taratibu na mwani mgumu wa zambarau na waridi, na matumbawe yanayotambaa, kama Montipora wa kufunika na zoanthidi, huweza kupandwa hapo na kuifanya sakafu yenyewe kuwa bustani. Mwanga unaoakisiwa na mchanga mweupe hupungua, hivyo sehemu za chini za matawi hupata mwanga mdogo kuliko kwenye tangi la mchanga, na wengine huitambua tofauti hiyo kwenye rangi.

Kuna wanaoweka ubao mweupe wa plastiki ya polietilini juu ya kioo ili kukilinda dhidi ya jiwe linaloanguka. Ulinzi huo una maana, lakini plastiki hiyo ni nyepesi kuliko maji, hivyo itaelea isipokandamizwa na mawe, na kingo zisizozibwa huruhusu uchafu kupenya chini yake, mahali ambapo hakuna mpira wala pampu itakayoufikia.

Tabaka nene na madai ya kemia

Tabaka la sentimita 10 hadi 15 la mchanga laini huwekwa kwa matarajio kwamba oksijeni itaisha chini yake na bakteria wa huko wataigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Kazi hiyo hufanyika kweli. Mfumo wa mtafiti Jean Jaubert wa Monaco, unaoacha nafasi ya maji matupu chini ya mchanga, ulijengwa juu ya elimu hiyohiyo. Tatizo la tangi la mkondo mkali ni kwamba tabaka hilo hutaka kutosumbuliwa, na mkondo hausikii. Mahali penye sentimita 12 leo pana sentimita 4 kesho, na ukanda mweusi wa chini, wenye haidrojeni salfaidi yenye harufu ya mayai yaliyooza, hufichuliwa ghafla kwenye maji ya tangi. Anayeutaka mfumo huu auweke kwenye chombo cha pembeni kilichounganishwa kwa mabomba, maji yakipita juu yake polepole.

Dai la pili ni kwamba aragonaiti huhifadhi pH na kuongeza kalsiamu. Maji ya tangi yenye pH ya 8.0 hadi 8.4 tayari yamejaa kalsiamu kaboneti kupita kiwango cha kuyeyusha, kwa hiyo mchanga uliomo hauna namna ya kuyeyuka kwa kiasi cha kuhesabika. Vyombo vinavyoyeyusha aragonaiti kwa makusudi hulazimika kushusha pH hadi karibu 6.5 kwa kaboni dayoksaidi. Acropora wanaokua hutumia kalsiamu na alkalini kwa kasi ambayo mchanga hauwezi kuifidia, na kuviongeza kila siku hakuepukiki. Linaloungwa mkono na kemia ni hili lingine, ambalo halipendezi kwa muuzaji: aragonaiti hushika fosfeti juu ya uso wake na kuiachilia polepole maji yanapokuwa na fosfeti kidogo, hivyo mchanga wa zamani uliohamishwa kutoka tangi chafu huleta deni lake kwenye tangi jipya.

Kuamua kwa wakazi na kwa jaribio

Orodha ya wakazi iandikwe kabla ya mchanga kununuliwa. Wengi hutandaza mchanga laini kwa sababu wamesikia kwamba jamii yote ya akina Halichoeres, samaki wenye rangi kali, hulala mchangani, wakati Cirrhilabrus na Pseudocheilinus hulala ndani ya mianya ya mawe wakiwa wamejifunika ute, na hawana haja na mchanga hata kidogo. Ikiwa mkazi anayehitaji mchanga ni mmoja au wawili tu, kama Halichoeres chrysus, tangi la sakafu tupu huweza kumpa bakuli pana lenye mchanga laini wa sentimita 7 hadi 10, lililofichwa nyuma ya mwamba ambako maji yametulia. Hulipata kwa haraka na kulitumia kila jioni. Samaki wa Opistognathus, wanaojenga visima vyao kwa mchanganyiko wa mchanga na vipande vya matumbawe, hawatosheki na bakuli la namna hiyo. Ukiwataka, uchaguzi umeelekea kwenye tangi lenye mkondo mdogo. Kiti cha pweza wa Astropecten kisinunuliwe kwa ajili ya kusafisha mchanga mwembamba, kwani hula vijidudu vyote vilivyomo na kisha hufa njaa.

Tangi mchanganyiko, lenye Acropora juu na matumbawe ya polipi kubwa chini, hulifaa mchanga wa kati wa sentimita 2 hadi 3, pampu zikielekezwa zikutane katikati ya maji badala ya kupiga vioo vya mbele na chini. Mawe yakae juu ya kioo, au juu ya miguu iliyogusa kioo, kabla mchanga haujamwagwa. Mwamba uliosimama juu ya mchanga hungoja tu mkondo au kamba mchimbaji auondolee msingi.

Kiasi cha kununua hukadiriwa kwa kuzidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, kugawanya kwa 1,000 kupata lita, na kuhesabu takribani kilo moja na nusu za aragonaiti kavu kwa kila lita. Tangi lenye sakafu ya sentimita 120 kwa 60 na unene wa sentimita 3 litahitaji lita 21.6, yaani zaidi kidogo ya kilo 32. Kabla ya kuzinunua zote, nunua mfuko mdogo, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha tandaza viganja vichache kwenye zile sehemu zinazoanza kufukuka: mguu wa kioo kinachokabiliana na pampu na kando ya mawe ya chini. Washa pampu kwa mpangilio wenye kilele kikubwa unachokusudia kuutumia tangi litakapokuwa limejaa matawi, na uziache kwa siku nzima. Chembe zikibaki zilipowekwa, daraja hilo la ukubwa linafaa. Zikihama, panda daraja moja na urudie, au uache kioo kilivyo. Uamuzi wa kuongeza mchanga baadaye ni mwepesi kuliko wa kuuondoa: pampu huzimwa, mchanga uliooshwa hushushwa chini kwa bomba pana, na maji hurudi kuwa maangavu baada ya muda mfupi. Kuuondoa kwenye tangi lililokomaa hufanywa kwa vipande vidogo, kila kibadilishwapo maji, kwa majuma mengi, ili uchafu na fosfeti zilizolala ndani yake zisimwagike zote kwa pamoja.